Paul Robeson: mtetezi wa haki aliyenyamaza juu ya mateso ya Urusi

Munamo mwezi wa sita mwaka 1949, mwimbaji mmoja mweusi kutoka Amerika alikuwa ndani ya chumba cha hoteli katika muji wa Moscow, akizungumza na rafiki yake Myahudi. Kwa mdomo waliulizana habari za familia na za kazi, kama watu wote. Lakini kwa mikono, na kwa vikaratasi vidogo, walisema mambo mengine kabisa. Yule rafiki alijua kama serikali ilificha mashini za kusikiliza ndani ya chumba. Alikuwa ametolewa gereza kusudi mgeni amuone na kuamini kama ni mzima. Kisha mazungumzo alirudishwa gereza, na miaka mitatu nyuma akapigwa risasi.

Mwimbaji yule alikuwa Paul Robeson. Aliporudi kwao, waandishi wa habari walimuuliza kama ni kweli Wayahudi wanateswa huko Urusi. Akajibu kwamba hakuona wala kusikia jambo la namna hiyo.

Tunaeleza maisha yake leo bila nia ya kumtukana marehemu. Robeson hakuwa mtu mubaya, na hakuuza roho yake kwa pesa. Alikuwa mmoja wa watetezi wakubwa wa watu weusi katika karne iliyopita, na alilipa kwa mali yake, kazi yake na afya yake. Njo maana habari yake inauma. Kama mtu mwenye moyo kama wake aliweza kunyamaza juu ya damu ya wengine, sisi wote tunaweza.

Mtoto wa mtu aliyekuwa mtumwa

Paul Robeson alizaliwa tarehe 9 mwezi wa nne mwaka 1898 katika muji wa Princeton, jimbo la New Jersey. Papa yake, William Drew Robeson, alizaliwa mtumwa katika jimbo la North Carolina. Alipokuwa kijana wa miaka 15 alitoroka kwa bwana wake, akaenda upande wa kaskazini, akasoma, akakuwa mchungaji wa kanisa. Mama yake, Maria Louisa, alikufa mwaka 1904 kisha moto wa jiko kushika nguo zake. Paul alikuwa hajatimiza miaka sita.

Princeton ulikuwa muji wenye chuo kikuu kikubwa, lakini mtoto mweusi hakuruhusiwa kusoma pale. Paul alipata nafasi katika chuo cha Rutgers mwaka 1915, kisha kushinda mashindano ya masomo. Alikuwa mwanafunzi mweusi wa tatu tu katika historia ya chuo kile. Wachezaji wenzake wa mpira wa Kiamerika walimpiga siku za kwanza za mazoezi kusudi aache. Hakuacha. Miaka miwili iliyofuatana, 1917 na 1918, alihesabiwa kati ya wachezaji bora wa inchi nzima, na mwaka 1919 yeye njo aliyechaguliwa kutoa hotuba kwa jina la wanafunzi waliomaliza.

Alisomea sheria katika chuo cha Columbia, New York, akamaliza mwaka 1923. Aliingia katika biro moja ya maavoka, lakini sekretere mzungu alikataa kuandika maneno ya mtu mweusi. Robeson aliacha kazi ile. Wakati huo alikuwa amekwisha kuoa Eslanda Goode, mwanamke mwenye akili na mipango, ambaye alimsukuma aingie katika mambo ya teatro na ya nyimbo.

Sauti iliyofika mbali

Sauti yake ilikuwa nzito na ya chini sana. Mwaka 1925 alianza kuimba mbele ya watu nyimbo za watumwa weusi wa Amerika, wakati wengi waliziona kama nyimbo za wajinga. Mwaka 1928 aliimba katika mchezo wa Show Boat huko London, na jina lake likajulikana Ulaya yote. Mwaka 1930 alicheza Othello wa Shakespeare kule London. Alipoucheza New York kuanzia 1943, mchezo ule ulionyeshwa mara 296, na hakuna mchezo wa Shakespeare uliowahi kufikia hesabu hiyo kwenye Broadway.

Huko London Robeson alianza pia kutafuta Afrika. Kati ya mwaka 1933 na 1934 alijiandikisha katika shule ya lugha, akasoma lugha za Afrika, na Kiswahili ndani yake. Ndiyo, lugha hii tunayoandika hapa. Aliketi na wanafunzi kutoka Afrika ya magharibi, akajuana na Jomo Kenyatta, ambaye baadaye alikuwa rais wa Kenya. Kenyatta alionekana hata katika sinema moja ya Robeson, Sanders of the River, iliyotoka mwaka 1935. Robeson alizani sinema ile itaonyesha heshima ya Waafrika. Kumbe wenye kuitengeneza waliigeuza kuwa sifa kwa ukoloni wa Waingereza. Alikasirika, na miaka yote iliyofuata aliona haya juu yake.

Fundisho lile lilikuwa mbele yake: mtu anaweza kukuomba sauti yako kwa maneno mazuri, kisha akaitumia kupamba utawala wake. Safari hiyo alilitambua fundisho. Safari ya pili hakulitambua, ao hakutaka.

Moscow, mahali alipojisikia mtu

Mwisho wa mwaka 1934, mtengeneza sinema Sergei Eisenstein alimwita Moscow. Njiani, kwenye stasio ya treni ya Berlin, askari wa chama cha Hitler walimzunguka yeye na bibi yake kwa macho ya kutisha. Siku chache nyuma alifika Urusi, na mambo yakageuka. Watu walimkumbatia. Watoto walimkimbilia. Aliingia hoteli kwa mlango wa mbele, akakula pale alipotaka, hakuna mtu aliyemtazama kama nyama ya pori. Alisema kwamba ni mara ya kwanza anatembea kama mtu kamili.

Tusilichukue jambo hilo kwa wepesi. Katika inchi yake, miaka ile, mtu mweusi aliweza kukamatwa na kundi la wazungu na kutundikwa kwenye mti, na hakuna aliyehukumiwa. Hoteli zilimfungia milango hata kama jina lake liliandikwa kwa herufi kubwa nje ya teatro. Mtu aliyetoka katika maisha ya namna ile, akipokelewa kwa mikono miwili, moyo wake unafungamana na mwenyeji.

Robeson na Eslanda walipeleka mtoto wao Paul mdogo asome Moscow kuanzia mwaka 1936, chini ya ulinzi wa nyanya yake, kusudi akue bila kutukanwa juu ya rangi. Robeson alijifunza Kirusi akakisema vizuri.

Yale yaliyokuwa nyuma ya pazia

Lakini Urusi ile ilikuwa na upande mwingine. Miaka miwili tu mbele ya safari yake ya kwanza, 1932 na 1933, mamilioni ya wakulima wa Ukraine, Kazakhstan na sehemu zingine walikufa na njaa, kisha serikali kuwanyanganya mavuno. Mwezi wa kumi na mbili mwaka 1934, mkubwa mmoja wa chama, Sergei Kirov, aliuawa, na Stalin akatumia kifo kile kuanza kukamata watu. Robeson aliambia gazeti moja la wakomunisti kwamba wenye kuinua mkono juu ya serikali ile wanastahili kupigwa risasi.

Miaka ya 1937 na 1938 ilikuwa mibaya zaidi. Vitabu vya polisi ya siri wenyewe vinaonyesha kwamba watu karibu 680,000 walipigwa risasi katika muda wa miaka hiyo miwili. Wengine wengi walipelekwa kambi za kazi za nguvu katika baridi ya Siberia. Mashitaka yalikuwa moja: adui wa raia, mpelelezi wa kigeni, msaliti. Ushahidi ulikuwa maneno ya mtu aliyepigwa mpaka akakubali.

Hata watu weusi hawakupona. Lovett Fort-Whiteman, mzaliwa wa Texas na mmoja wa weusi wa kwanza kuingia chama cha wakomunisti cha Amerika, alikuwa akiishi Moscow. Alikamatwa, akapelekwa kambi ya kaskazini-mashariki kabisa ya Siberia, akafa pale mwezi wa kwanza mwaka 1939.

Kuna na mwingine, Robert Robinson, mzaliwa wa Jamaica, fundi wa mashini katika kiwanda cha Ford. Alikwenda Urusi mwaka 1930 kwa mkataba mfupi, akabaki pale miaka 44. Aliomba ruhusa ya kutoka, akanyimwa tena na tena. Katika kitabu cha maisha yake alieleza kwamba aliomba familia ya Robeson wamsaidie kutoka, nao wakakataa, sababu kusaidia jambo lile kungeharibu urafiki wao na wakubwa wa Urusi. Robinson aliweza kutoka mwaka 1974 tu, na inchi iliyomfungulia mlango ilikuwa jirani yetu Uganda.

Wakati watu hao wanateseka, Robeson alikuwa anafanya kazi ya maana kwingine. Mwanzo wa mwaka 1938 alikwenda Hispania kuimbia wapiganaji waliokuwa wanapinga jeshi la Franco. Mwaka 1937 alikuwa kati ya waanzilishi wa komite moja ya New York iliyopigania mambo ya Afrika; mwaka 1946 komite ile ilikusanya vyakula na pesa kwa watu weusi wa Afrika Kusini waliokumbwa na njaa, na ilipaza sauti juu ya ukoloni wakati Waamerika wengi hawakujua hata Afrika iko upande gani. Mtu yule yule aliyeona machozi ya Johannesburg hakuona, ao alikataa kuona, machozi ya Moscow.

Chumba cha hoteli

Munamo 1943, wakati wa vita vya dunia, Urusi ilituma Wayahudi wawili Amerika kuomba msaada juu ya Hitler: Solomon Mikhoels, mchezaji mkubwa wa teatro, na Itzik Feffer, mwandishi wa mashairi. Robeson alikuwa pamoja nao katika mkutano mkubwa wa New York. Wakakuwa marafiki.

Vita vilipokwisha, Stalin aliwageukia Wayahudi wale wale. Mwezi wa kwanza mwaka 1948, Mikhoels aliuawa na polisi ya siri katika muji wa Minsk, maiti ikatupwa barabarani kusudi ionekane kama aligongwa na gari. Serikali ikamzika kwa heshima kubwa. Mwezi wa kumi na mbili mwaka ule, Feffer alikamatwa. Feffer mwenyewe alikuwa amewahi kupelekea polisi ya siri habari za wenzake. Hata ile haikumuokoa.

Robeson alipofika Moscow mwaka 1949, aliomba kuona Feffer. Wakubwa walichelewesha, kisha wakamleta. Mtoto wake, Paul mdogo, njo aliyesimulia baadaye yale papa yake alimwambia. Feffer alionyesha kwa mkono kwamba kuta zinasikiliza. Aliandika kwamba Mikhoels aliuawa kwa amri ya Stalin, na kwamba wenzake wengi wako gereza. Juu yake mwenyewe, alipitisha kidole kwenye shingo.

Robeson alifanya nini? Tarehe 14 mwezi wa sita alikuwa na konseri katika ukumbi wa Tchaikovsky. Kwenye mwisho alitaja mbele ya watu wote urafiki wake na Mikhoels na Feffer, jambo ambalo hakuna Mrusi angethubutu kulifanya siku zile. Kisha akaimba kwa lugha ya Kiyidishi wimbo wa Wayahudi waliopigana na askari wa Hitler. Ndani ya ukumbi, wenye kuelewa walielewa.

Tumpe haki yake: kitendo kile kilikuwa cha ujasiri. Lakini kilifanyika ndani ya ukumbi mmoja, usiku mmoja. Aliporudi Amerika, mahali ambapo magazeti ya dunia nzima yangeandika maneno yake, alisema kwamba habari za mateso ya Wayahudi ni uongo. Akamwomba mtoto wake ashike siri ile mpaka yeye mwenyewe atakapokufa.

Tarehe 12 mwezi wa nane mwaka 1952, Feffer na wenzake 12 waliuawa katika gereza la Moscow. Kati yao kulikuwa waandishi wengine, daktari, watafsiri na watu wa teatro. Familia zao hazikuambiwa. Nyingine zilifukuziwa mbali, na walikaa wakingoja barua mpaka mwaka 1955, pale serikali ilikubali kwamba wamekwisha kufa.

Mwaka ule ule wa 1952, Urusi ilimpa Robeson zawadi ya amani yenye jina la Stalin. Aliipokea. Stalin alipokufa mwezi wa tatu mwaka 1953, Robeson aliandika maneno ya kumlilia kama mtu mwenye hekima na upendo.

Amerika inamfungia mlango

Wakati huo huo, serikali ya inchi yake ilikuwa inamfinya. Mwezi wa nane na wa tisa mwaka 1949, karibu na muji wa Peekskill, jimbo la New York, watu waliokuja kwenye konseri zake walipigwa mawe. Zaidi ya 100 waliumizwa, na polisi wengi walitazama tu. Mwaka 1950 serikali ilimnyanganya paspoti. Kumbi zikamfungia, redio na televisheni zikamfuta, mapato yake yakaanguka. Ndugu zake weusi wenyewe, wengine, walimkimbia juu ya woga.

Hakukunja mikono. Mwaka 1952 alisimama kwenye mpaka na Kanada, juu ya gari, akaimbia maelfu ya watu waliokusanyika pande zote mbili. Mwaka 1957 aliimbia wachimba makaa ya mawe wa Wales kwa njia ya simu iliyopita chini ya bahari.

Tarehe 12 mwezi wa sita mwaka 1956, aliitwa mbele ya komite ya bunge iliyowinda wakomunisti. Wabunge walimuuliza juu ya kambi za Stalin. Robeson alijibu kwamba jambo lile ni la Warusi wenyewe, na kwamba hawezi kulizungumza na watu ambao inchi yao ilijengwa kwa maiti za watumwa. Juu ya swali kwa nini asihamie Urusi, alijibu kwamba papa yake alikuwa mtumwa pale Amerika, watu wake walikufa wakiijenga inchi, kwa hiyo naye ana sehemu yake pale na hakuna mtu atakayemfukuza.

Jibu la pili mpaka leo linasifiwa, na ni haki. Jibu la kwanza watu wanalipita haraka. Ni kweli, wabunge wale hawakuwa na uchungu na maiti za Siberia. Walitaka tu fimbo ya kumpigia. Lakini maiti za Siberia hazikuwa mali ya wabunge wale. Zilikuwa na mama zao na watoto wao.

Na mwaka ule hata wakubwa wa Urusi walikuwa wamekwisha kusema. Mwezi wa pili 1956, Nikita Khrushchev, aliyerithi nafasi ya Stalin, aliambia mkutano wa chama kwamba Stalin aliua watu wasio na kosa. Hotuba ile ilikuwa ya siri, lakini ilivuja na magazeti ya Amerika yakaitoa. Robeson hata hapo hakubadilisha maneno yake mbele ya watu. Vifaru vya Urusi vilipoingia Hungaria mwisho wa mwaka ule, aliunga mkono.

Juu ya nini alinyamaza?

Wengine walisema ni ujinga. Hapana. Robeson alijua: Feffer alimwambia uso kwa uso. Wengine walisema alinunuliwa. Pia hapana: angekana Urusi, Amerika ingemrudishia paspoti, konseri na pesa zake zote. Kunyamaza kulimgarimu.

Sababu ya kwanza ni deni la moyo. Watu wale walimpa heshima ambayo inchi yake ilimnyima. Alishindwa kutenganisha raia waliomkumbatia na serikali iliyowatesa raia wale wale.

Sababu ya pili ni hesabu ya adui. Robeson aliwaza hivi: wenye kutuonea sisi weusi wanachukia Urusi, nikisema ubaya wa Urusi, ninawapa silaha. Hesabu ile ilionekana kuwa ya akili. Lakini ndani yake kulikuwa shimo, maana iliacha nje mtu mmoja: yule aliye gereza.

Sababu ya tatu ni ginsi mgeni anavyopokelewa. Mgeni mkubwa anatembezwa. Anaonyeshwa shule, kiwanda, watoto wenye maua. Anaonyeshwa hata mfungwa, akiwa amevalishwa vizuri. Mgeni anarudi kwake na kusema nimeona kwa macho yangu, na kweli ameona. Ila ni mwenyeji aliyemchagulia kitu cha kuona.

Kulikuwa na njia nyingine, na kuna aliyeifuata. George Padmore, mzaliwa wa Trinidad, alikuwa na cheo kikubwa Moscow katika kazi ya kuunganisha wafanyakazi weusi wa dunia. Kwenye mwaka 1933, Stalin alipotafuta urafiki na Uingereza na Ufaransa, kazi ile ikalegezwa kusudi wakoloni wasikasirike. Padmore alitoka, na mwaka 1934 chama kikamfukuza na kumtukana. Je, alikwenda kuwapigia makofi wakoloni? Hata kidogo. Alikuwa kati ya watengenezaji wa mkutano wa Waafrika wa Manchester mwaka 1945, na alikufa mwaka 1959 akiwa mshauri wa Kwame Nkrumah wa Ghana. Padmore alionyesha kwamba mtu anaweza kupinga mkoloni na kupinga Stalin, yote pamoja, bila kupasuka katikati.

Mwisho wake

Munamo 1958, korti kuu ya Amerika ilitoa hukumu iliyofanya Robeson arudishiwe paspoti. Alikuwa na miaka 60. Alisafiri tena, akacheza Othello kule Stratford mwaka 1959, akaimbia wajenzi wa teatro kubwa ya Sydney mwaka 1960. Lakini ndani alikuwa amechoka. Mwezi wa tatu mwaka 1961, katika hoteli huko Moscow, muji alioupenda, alijaribu kujiua. Watu wameandika mengi juu ya sababu. Aliyejua kabisa ni yeye mwenyewe. Alipelekwa hospitali za Moscow, London na Berlin ya mashariki. Mwisho wa mwaka 1963 alirudi Amerika. Bibi yake Eslanda alikufa mwaka 1965, naye akaenda kuishi kwa dada yake katika muji wa Philadelphia, bila kuonekana sana.

Alikufa tarehe 23 mwezi wa kwanza mwaka 1976, mwenye miaka 77. Maelfu walikuja kumuaga katika kanisa la Harlem ambalo mkubwa wake Ben aliliongoza zamani. Mpaka siku ile, hakuwahi kutamka mbele ya watu neno moja la kulaumu serikali ya Urusi. Mtoto wake alifungua siri ya hoteli miaka michache kisha kifo.

Sisi huku mashariki

Huku kwetu tunajua vizuri wageni wanaokuja kututetea. Wengine wanafanya kazi ya kweli, na wako watu wanaoishi leo juu ya kazi yao. Lakini tumeona pia mgeni anayeshuka kwenye ndege, anapokelewa na wakubwa, anatembezwa siku tatu, kisha anarudi kuandika kwamba upande huu ni wa malaika na upande ule ni wa mashetani. Mama aliyepoteza mtoto mikononi mwa malaika wale, hakuna anayemuuliza kitu.

Na tusiwaseme wageni tu. Ni mara ngapi tunasikia, hata kati yetu waandishi wa redio, kwamba habari fulani ni ya kweli lakini si wakati wake, sababu adui ataifurahia? Mtu amechukuliwa usiku, familia inamtafuta kila kashoti, na sisi tunaambiwa tungoje. Ni hesabu ile ile ya Robeson. Tena mara nyingi anayeifanya ni mtu mwenye uchungu wa kweli na inchi yake.

Wanaolipa hesabu ile wanajulikana. Kwa habari ya Moscow, ni wake na watoto wa watu 13, waliongoja barua miaka mitatu, wakati mtu mmoja mwenye sauti kuliko wote alikuwa amekwisha kuonyeshwa kidole kikipita kwenye shingo.